Mpaka Maji Yafike Mkiani

Jumatatu, 10 Machi

Kazi isiyoandikwa haijafanyika. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa masjala ya mjini, nilikopanga mafaili ya watu miaka kumi na miwili bila kupoteza hata moja, na ndiyo maana nimefungua daftari hili. Nataka siku nikiulizwa, nijibu kwa tarehe.

Juzi kwenye mkutano mkuu nilisimama. Mimi Ruth, katibu wa jumuiya ya watumia maji wa Mfereji wa Kaanaeli, nikasema mbele ya wote: masika haya yakiisha, zamu za maji hazitapangwa tena kwa mdomo. Zitapangwa na mfumo wa kompyuta. Kila kaya itapata ujumbe kwenye simu siku moja kabla ya zamu yake, na ikimaliza kumwagilia inajibu, anayefuata anaarifiwa. Halafu, kwa kuwa mdomo wangu hauna breki, nikaongeza: "Maji yasipofika mkiani kwenye mzunguko wa kwanza, ukatibu naacha."

Mkiani ni kaya sitini na tatu za mwisho, kule mwisho kabisa wa Kikwe. Mfereji unaanzia kwenye banio, pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni kule mlimani, unapita kwenye kahawa na migomba, unatufikia sisi wa katikati, halafu unakwenda kwao. Yaani unapaswa kwenda kwao. Kila kiangazi wa juu wanapata maji, sisi tunapata maji, wao wanapata maelezo. Siku moja ikipotea popote njiani, inakatwa kwao. Mwaka jana nyanya zao zilikauka zikiwa na maua.

Watu walipiga makofi, isipokuwa Theresia wa mkiani, ambaye hapigii makofi kitu chochote. Alisema tu, "Tumeshasikia." Mama yule! Anakuja ofisini kulalamika mara mbili kwa wiki kama anahudhuria kliniki.

Jumatano, 12 Machi

Mtaalamu wetu wa mifumo amefika kutoka Sekei, mjini, kwa pikipiki. Anaitwa Frederick, ana miaka ishirini na minane, na amekuja na viatu vyeupe. Viatu vyeupe, Kikwe, mwezi wa Machi!

"Shikamoo mama." Nikaitikia, nikampa chai. Akauliza ni lini tutaanza kupita kwa watu kuwauliza wanavyogawana maji. Nikamwambia hakuna haja. Rejista ninayo, sheria za zamu nazijua kwa kichwa, na mwandiko wangu unasomeka.

"Lakini mama, ni vizuri tuwasikie watu wenyewe."

"Frederick," nikamwambia, "mimi ndiye watu."

Akanywa chai yake.

Ijumaa, 14 Machi

Orodha imekamilika. Kaya 214, majina matatumatatu, namba za simu, wino mweusi. Siku mbili tu. Frederick amesema hajawahi kupokea orodha safi namna hii. Najua.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua imeanza kwa nguvu. Mlima hauonekani.

Alhamisi, 27 Machi

Mwenyekiti wetu, Philemoni, amesikia kuna mfumo unatengenezwa na sasa anautaka ufanye kila kitu. Utabiri wa mvua uwemo. Bei ya kahawa iwemo. Matangazo ya misiba na harusi yawemo. Na ukurasa wa kwanza uwe na picha yake, ile aliyopiga akiwa amevaa koti la kijivu.

Frederick, mtoto wa watu, alikuwa anaandika yote. Nikamshika mkono. Nikasema, "Mwenyekiti, unakikumbuka kile kishikwambi walichotuletea wale wageni mwaka juzi? Kilikuwa kinafanya mambo kumi na manne. Kiko kabatini, kimefungiwa, hakuna anayejua hata kukiwasha. Sisi tunataka jambo moja. Zamu. Zamu ikikaa sawa, mengine tutayaongeza mwakani."

"Na picha?"

"Na picha mwakani."

Amenuna. Nimeandika karatasini mfumo utafanya nini na hautafanya nini, nikamletea aweke sahihi. Ameweka, ila ameandika jina lake dogodogo ili nijue kuwa amenuna.

Jumanne, 8 Aprili

Leo nimetamani ardhi inimeze, na kwa matope yaliyopo ingeweza.

Tulipanga leo tuujaribu mfumo. Wazo lilikuwa langu na bado nasema lilikuwa zuri: mvua inanyesha, hakuna anayehitaji maji ya mfereji, kwa hiyo tukikosea hakuna shamba litakalodhurika. Saa tatu asubuhi Frederick akatuma ujumbe kwa kaya zote 214: "Hili ni jaribio. Zamu yako ya maji ni kesho. Jibu 1 kama umepata." Tukakaa ofisini, mimi nimevaa gauni langu la kijani, tukingoja majibu.

Yakaja majibu tisini. Wengine kimya. Halafu ukaingia ujumbe huu, naunakili ulivyo: "Samahani, mimi ni fundi cherehani niko Kahama. Zamu ya maji nimeipokea kwa shukrani ila sina shamba. Nije na jembe au litakuwepo?"

Frederick alicheka mpaka akatoka nje. Mimi sikucheka. Nikampigia yule fundi, mtu mstaarabu sana, akaniambia namba hiyo aliinunua dukani mwaka juzi. Nikafungua rejista kuona namba ilikuwa ya nani. Ilikuwa ya mzee ambaye mimi mwenyewe nilimwimbia kwenye mazishi yake.

Alasiri, mvua ikimwagika, akaingia Theresia, kanga kichwani, miguu imejaa tope hadi magotini. Hakusalimia.

"Katibu, mmemtumia ujumbe baba mkwe wangu."

"Ndiyo, kwa ajili ya zamu."

"Amekufa. Huu mwaka wa kumi na moja. Simu yake anayo shemeji yangu, yuko mjini Elerai, hajawahi kushika jembe tangu azaliwe. Amenipigia ananiuliza maji ndiyo nini."

Nikamwambia, kwa ile sauti yangu ya masjala, "Sasa mbona hamkuja kubadilisha jina?"

Aliniangalia kama ananihurumia. "Wewe umezaliwa hapa au umeletwa? Nani anafuta jina la mzee kwenye shamba lake kabla ukoo haujakaa kugawa? Nikija kuandikisha Theresia, kesho yake wanasema nimenyang'anya shamba la marehemu."

Haki ya Mungu, nilijua. Kila mtu hapa anajua. Kwetu sisi wenyewe shamba la chini bado linaitwa kwa jina la baba yake Ezra, mume wangu, na mzee huyo amelala chini ya migomba tangu mwaka 2009. Nilikaa mezani siku mbili nikinakili majina kwa mwandiko mzuri, nisijiulize ni wangapi wanapumua. Rejista yangu ilikuwa safi, ila ilikuwa ya makaburini.

Jumatano, 9 Aprili

Tumehesabu. Marehemu sabini na mmoja. Waliohamia mjini ishirini na sita. Frederick hakusema "nilikwambia". Laiti angesema, ningepata mtu wa kumgombeza.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimekwenda kwa Theresia mwenyewe, kwa miguu. Nimemwomba atembee nasi mfereji mzima, kutoka banio hadi mkiani, nyumba kwa nyumba. Akauliza kwa nini yeye. Nikamwambia ukweli: "Kwa sababu wewe huogopi kuniambia nimekosea."

"Hilo ni rahisi," akasema.

Ijumaa, 25 Aprili

Siku kumi na moja za kutembea, tukiacha Ijumaa Kuu, Pasaka na Jumapili. Viatu vyeupe vya Frederick vimekuwa vya rangi ya udongo wa Meru na hataki hata kuviosha, anasema ni ushahidi. Kule juu tulipanda kwa kushika mashina ya kahawa. Mara moja Theresia aliteleza akakaa chini kwenye mfereji, maji yakampita pande zote mbili, akasema, "Angalau leo nimepata zamu." Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Siku ya kwanza tulikuwa tunauliza, "Shamba hili la nani?" Kila nyumba maneno yakawa mengi. Kaka anamtazama shemeji, mjane anatazama chini, mara chai inaletwa ili mazungumzo yabadilike. Nyumba nne tu kwa siku nzima.

Jioni ile Theresia akasema, "Mnauliza swali la ugomvi. Ulizeni hivi: maji yakifika, nani anashika jembe?"

Yesu wangu! Kuanzia kesho yake watu walijibu wote kwa mpigo, bila kufikiri. "Mimi." "Yule pale, Prisca." "Mama, wengine hatujui hata koleo liko wapi." Nyumba ishirini kwa siku, na zaidi. Frederick akaweka nafasi mbili kwenye mfumo: jina la shamba linabaki la mzee, heshima yake haiguswi, na chini yake jina la mshika jembe na simu yake. Ujumbe unakwenda kwa mshika jembe. Ukoo hauna la kulalamikia.

Washika jembe 214, na 149 kati yao ni wanawake. Kwenye orodha yangu ya wino mweusi walikuwa kumi na wanane. Nimeichana ile orodha. Kwanza niliitazama kidogo, mwandiko ulikuwa mzuri kweli.

Jumamosi, 3 Mei

Mvua.

Jumanne, 6 Mei

Nimemteua Theresia kuwa mkuu wa majaribio. Philemoni akaguna: "Yule mlalamishi?" Nikamjibu, ndiyo, huyohuyo. Hapa mfereji mzima hakuna mtu mwenye kipaji cha kuona kasoro kama yeye, na miaka yote tumekiacha kinapotea bure. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Ijumaa, 16 Mei

Theresia na wenzake tisa wameujaribu mfumo siku kumi, kwa simu zao wenyewe, za tochi. Kasoro thelathini na moja. Ujumbe mrefu, simu ya tochi inaukata kabla ya kufika kwenye saa. Ukijibu mara mbili, mfumo unafikiri umefunga maji mara mbili, unamruka jirani. Mwenye simu isiyo na chaji hana pa kupitia. Frederick anarekebisha, Theresia anarudia kujaribu, Frederick anarekebisha tena. Leo kijana alitaka kulia. Nikamchemshia ndizi kwa maziwa, akala sahani mbili, akaendelea.

Kwa wasio na chaji, jirani wa juu anapiga hodi. Si kila kitu kifanywe na kompyuta.

Alhamisi, 22 Mei

Mvua imepungua. Maharage yetu yameota vizuri. Ezra anayaangalia asubuhi na jioni.

Jumanne, 27 Mei

Kumetokea aibu.

Mzee mmoja wa katikati amefariki Jumamosi na leo tumemzika. Desturi ya mfereji ni kwamba mwenye msiba hashiki maji siku tatu baada ya mazishi. Jirani anachukua zamu yake, na mzunguko ujao anamrudishia. Sadoki, mgawa maji wetu, anafanya hivyo miaka yote bila kumuuliza mtu. Mimi nalijua hilo. Frederick hakulijua, na mimi sikumwambia, maana nani anaeleza jambo ambalo kila mtu analifanya?

Tulikuwa kwenye majaribio ya mwisho. Mchungaji amefika kwenye "mavumbini utarudi", simu ya mjane ikalia kwenye mkoba. Binti yake akaitoa haraka, akausoma ujumbe, akaniangalia mimi. "Kumbuka zamu yako ni kesho asubuhi. Usichelewe."

Nilimwendea mama yule baada ya mazishi nikapiga magoti. Alinishika bega, akasema mwanangu usijali. Lakini nimejali.

Sadoki alinisubiri njiani. "Shikamoo baba," nikasema.

"Marahaba. Ruth, hiyo mashine yako haina jirani."

Jumatano, 28 Mei

Frederick anasema anahitaji wiki moja zaidi. Tulitangaza kuanza tarehe 2 Juni. Nimemfokea, nikamwambia watu watasema nini. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema taratibu, "Mama, tukianza na kasoro hii, tutapeleka ujumbe makaburini kila wiki." Kijana ana uti wa mgongo. Sikuuona siku ya viatu vyeupe.

Ijumaa, 30 Mei

Nimesimama mbele ya kamati nikaomba kuahirisha. Mimi! Ambaye sijawahi kuchelewesha faili! Philemoni alifurahi kidogo, nilimwona. Wamekubali tarehe 9.

Kubadilishana zamu sasa kumo kwenye mfumo. Ila Theresia akaleta sharti: asiwepo mtu mmoja anayeweza kubadili zamu peke yake. Zinahitajika namba za siri mbili, moja ya kamati, nitakayoishika mimi, na moja ya mwakilishi wa mkiani, ambaye ni yeye.

"Hata mimi katibu?" nikauliza.

"Hasa wewe katibu."

Damu ilinipanda. Baada ya yote tuliyotembea! Nikatoka nje nikavuta hewa. Halafu nikarudi nikasema liandikwe. Likaandikwa pia lile la siku zinazopotea: siku ikipotea, wenye siku hiyo watangoja mwisho wa mzunguko. Hakuna kukata tena kwa walio chini.

Jumamosi, 7 Juni

Mafunzo yameisha, sehemu zote tatu. Bibi mmoja wa juu, miaka sabini na kitu, amejibu "1" kwa mara ya kwanza maishani, kisha akaipa ile simu busu.

Jumatatu, 9 Juni

Tumeanza. Siku kumi na nane, kaya kumi na mbili kwa siku, Jumapili maji yanaachiwa ng'ombe. Siku tatu za kwanza Sadoki anapita na kutangaza kwa mdomo kama zamani, endapo mfumo utagoma.

Jumatano, 11 Juni

Haujagoma. Baridi kali, vidole haviandiki.

Jumamosi, 14 Juni

Sabini na mbili wameshamwagilia. Natembea kama bibi harusi.

Jumatano, 18 Juni

Leo ilikuwa zamu yetu. Ezra aliamka mapema, akanoa jembe, akakaa mferejini. Maji hayakuja. Gogo limeangukia banio alfajiri, maji yote yamerudi mtoni. Vijana wamelikata hadi saa kumi jioni. Siku imepotea, na sisi kumi na wawili tulio kwenye siku hiyo tutangoja mpaka Jumatatu tarehe 30.

Maharage yako kwenye maua.

Alhamisi, 19 Juni

Ezra si mtu wa maneno. Leo ameongea kuliko mwaka mzima. "Mama Esther, wewe ndiye mwenye mfumo. Tusogeze zamu yetu iwe kesho, mtu wa mkiani angoje kidogo. Walishazoea."

Nikamwambia, "Hilo neno 'walishazoea' ndilo nililosimama kulipinga."

"Sasa tule mkutano?"

Nimekwenda shambani peke yangu. Majani yamejikunja. Nilipanda maharage yale nikiwa na malengelenge ya ule mwendo wa mfereji, na nayapenda kama mtu anavyopenda kazi ya mikono yake. Namba yangu ya siri naijua. Nimelia kidogo, nikarudi kupika.

Ijumaa, 20 Juni

Kumbe Ezra amekwenda kwa Theresia! Kimya kimya, na mkungu wa ndizi mbivu, kumwomba aweke namba yake ya siri, eti mimi nitaweka yangu.

Amerudi nao mkungu wake. Nikauliza amesemaje. Ezra akakaa chini, akavua kofia.

"Amesema siku zilizopotea mlitukata sisi miaka yote, hakuna aliyekuja hata na ndizi moja kuomba. Amesema mkuki kwa nguruwe mtamu, baba Esther. Akaniambia pole, akanipa uji, akanisindikiza mpaka barabarani."

Ningepaswa kukasirika. Nilifurahi mpaka nikaona aibu. Amemkatalia mume wa katibu! Mfumo umesimama imara hata mbele ya mlango wangu. Sikumwambia Ezra nilivyofurahi, nimeandika hapa tu.

Jumatatu, 23 Juni

Maji yameingia mkiani. Saa saba na robo mchana, shamba la kwanza.

Jumatano, 25 Juni

Mkiani, siku ya tatu. Maua ya maharage yetu yameanza kudondoka.

Jumamosi, 28 Juni

Shamba la 214, la mwisho kabisa, ni la baba mkwe wa Theresia, mshika jembe Theresia. Ujumbe ulisema saa tisa alasiri. Nilishuka kwa miguu, Frederick akaja kwa pikipiki, Sadoki alikuwepo tayari.

Theresia alisimama na jembe mlangoni mwa shamba. Saa tisa na dakika ishirini tukayaona yanakuja, yamebeba majani makavu mbele, polepole, yanatafuta njia kwenye mfereji ambao kwa miaka mingi haujapata kulowa mwezi wa Juni. Akayafungulia. Yakaingia kwenye mstari wa kwanza wa nyanya. Akayatazama, akachota kiganjani, akanawa uso.

Kisha akanigeukia. "Yamechelewa dakika ishirini."

"Nimeandika," nikamwambia, na kweli niliandika, palepale.

Jumatatu, 30 Juni

Tumemwagilia. Ezra anakadiria nusu ya maharage imekwenda.

Jumamosi, 5 Julai

Mkutano mkuu. Nimesoma taarifa: kaya zilizopangwa 214, zilizopata maji 214, kasoro zilizobaki tisa, zote zimetajwa, ya kwanza ni dakika ishirini za Theresia. Philemoni akauliza kama kuna mwenye neno juu ya mfumo.

Ezra akasimama. Ezra hajawahi kusimama kwenye mkutano tangu nimfahamu.

"Mimi ni mume wa katibu," akasema. "Wote mnanijua. Nusu ya maharage yangu imedondosha maua kwa sababu ya huu mfumo wa mke wangu. Nilimwomba anisogezee siku moja, akakataa. Nikaenda kuomba kwa mlango wa nyuma, nikafukuzwa na ndizi zangu." Watu wakaanza kucheka, yeye hakucheka. "Nauliza hivi. Miaka yote tangu mfereji huu uchimbwe, kuna mtu amewahi kusikia nyumba ya kiongozi imekosa maji na mkiani wamepata?"

Nilisikia jogoo wa mtu huko nje.

"Basi," akasema Ezra, "mimi naunga mkono uendelee."

Akakaa. Wa kwanza kupiga makofi alikuwa Theresia.